Kuzuia Bila Daftari: Kutoka Majahazi ya 1873 hadi Intaneti ya 2025

Wafanyabiashara wa pwani yetu walituachia methali fupi: mali bila daftari hupotea bila habari. Waliisema kuhusu karafuu, pembe na nguo, lakini naamini inayahusu pia mamlaka. Mamlaka yanayotumika bila kuandikwa hupotea bila habari. Hakuna ajuaye nani aliyatumia, dhidi ya nani, kwa sababu gani na hadi lini. Katika makala haya nataka kuitazama aina moja ya mamlaka hayo, nayo ni mamlaka ya kuzuia kinachopita: chombo baharini, maneno katika waya, data katika mtandao.

Nitaanza na mashine, kwa sababu wahandisi wa mashine hiyo wamekwishajifunza jambo ambalo watawala wetu, wa kikoloni na wa baada ya ukoloni, wamechelewa kulijifunza.

Mlinzi anayekaa njiani

Kila taasisi yenye mtandao wa kompyuta leo, iwe wizara, benki, hospitali au chuo, inahitaji mlinzi wa lango. Mmoja wa walinzi hao ni mfumo wa kuzuia uvamizi wa mtandao. Historia yake si ndefu. Mwaka 1980 mtaalamu wa Kimarekani, James P. Anderson, aliandika ripoti iliyopendekeza kwamba kumbukumbu za matumizi ya kompyuta zichunguzwe ili kubaini anayefanya asichoruhusiwa. Mwaka 1987 Dorothy Denning alichapisha modeli ya kugundua uvamizi kwa kulinganisha mwenendo wa mtumiaji na kawaida yake. Novemba 1988 programu iliyoachiwa na mwanafunzi Robert Morris ilisambaa yenyewe na kulemaza maelfu ya kompyuta, na dunia ikaelewa kwamba suala hili halikuwa la nadharia. Mwaka 1998 Martin Roesch alitoa programu ya Snort, ambayo hadi leo inatumika ulimwenguni kote.

Msomaji aangalie mpangilio wa mambo hayo. Daftari lilitangulia kizuizi. Wataalamu walianza kwa kuandika na kusoma kilichopita, na baadaye sana ndipo walipoipa mashine ruhusa ya kukatiza. Mfumo wa kugundua hukaa pembeni ukatazama na kupiga kengele. Mfumo wa kuzuia hukaa njiani penyewe: kila pakiti ya data hupita mikononi mwake, hulinganishwa na orodha ya dalili za uovu, na ikifanana na dalili hutupwa. Wakati mwingine anwani iliyoituma huwekwa kizuizini kwa muda.

Tatizo ni kwamba dalili si uovu. Pakiti njema inaweza kufanana na pakiti mbaya, kama vile mtu mwema anavyoweza kuvaa kanzu inayofanana na ya mwizi. Ndiyo maana wahandisi makini wana nidhamu yao. Kwanza, kanuni mpya huachwa itazame tu kwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuzuia, ili ionekane itawakosea wangapi. Pili, kila kizuizi huandikwa: saa, kilikotoka, kilikokuwa kikienda, kanuni iliyotumika na hatua iliyochukuliwa. Tatu, kizuizi cha anwani huwekewa ukomo, dakika kumi, saa moja au siku moja, na kisipohuishwa kwa sababu mpya hufa chenyewe. Nne, huwepo mlango wa malalamiko: aliyezuiwa ana mahali pa kusema, na yupo mtu mwenye jina na cheo anayepaswa kumjibu.

Nidhamu hiyo ikikosekana, huonekana niliyoyashuhudia katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Siku za usajili, wanafunzi waliokuwa majumbani walishindwa kufungua ukurasa wa kujisajili, ilhali waliokuwa ndani ya jengo waliufungua bila shida. Ilichukua siku nne kupata sababu. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti ya kushirikiana. Simu moja iliyoambukizwa virusi iliishambulia tovuti, na mfumo ukaizuia anwani, na pamoja nayo mamia ya watu wasiohusika. Mafundi walipofungua orodha ya vizuizi waliikuta ndefu, haina tarehe wala jina la aliyeingiza, na hakuna aliyethubutu kuifuta kwa kuogopa kufungua asichokijua. Wapo wanafunzi waliokosa usajili kwa wakati, na wakaambiwa wamechelewa wenyewe.

Wahenga husema samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo ina busara yake jikoni. Katika utawala ni hatari, kwa sababu humpa mlinzi ruhusa ya kulitupa tenga zima bila kumwonyesha mwenye samaki ni yupi aliyeoza.

Bahari iliyokaguliwa

Kazi hii ya kukaa njiani, kukagua kinachopita na kuzuia kwa dalili haikuzaliwa na kompyuta. Visiwa hivi viliijua zaidi ya miaka 100 kabla ya Anderson kuandika ripoti yake.

Katika miaka ya 1860 manowari za Kiingereza zilizunguka kati ya Kilwa, Unguja, Pemba na pwani za Uarabuni zikiwinda majahazi yenye watumwa. Nisieleweke vibaya: biashara ya utumwa ilikuwa dhulma kubwa, na kuikomesha ilikuwa wajibu. Hoja yangu ni kwamba uzuri wa lengo haumwondolei mlinzi wajibu wa kuandika na kujibu. Yaliyotokea baharini yanathibitisha hivyo.

Sheria ya wakati ule ilikuwa na utata. Mkataba wa mwaka 1845 kati ya Sayyid Said na Uingereza ulikataza kusafirisha watumwa kuwatoa nje ya milki zake za Afrika, lakini uliacha usafirishaji wa ndani ya milki hizo. Kwa hiyo ofisa aliyekutana na jahazi kati ya Kilwa na Unguja alipaswa kuamua kwa haraka, mara nyingi kwa msaada wa mkalimani mmoja, kama chombo kile ni cha halali au haramu. Alitazama dalili: mapipa mengi ya maji, vyungu vikubwa vya kupikia, mchele mwingi kuliko mahitaji ya mabaharia, mbao za ziada, minyororo. Lakini jahazi lenye abiria wengi nalo hubeba maji mengi na mchele mwingi. Tena wapo mabaharia waliokuwa watumwa kwa hadhi yao ya kisheria huku wakifanya kazi ya ubaharia kama wenzao, na kuwepo kwao chomboni kulitosha kulifanya jahazi la biashara lionekane la watumwa.

Juu ya hayo kulikuwa na fedha. Maofisa na mabaharia wa manowari walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyeokolewa, au kwa ukubwa wa chombo kilichokamatwa, kikihesabiwa kwa tani. Mlinzi anayelipwa kwa kila anayemzuia hana sababu ya kutilia shaka macho yake. Na kwa kuwa kulivuta jahazi hadi bandarini kulikuwa kazi, maofisa waliruhusiwa kulipima na kuliteketeza baharini pale walipodai kwamba halikuweza kufika. Kesi ilisikilizwa baadaye, mbele ya balozi wa Kiingereza akiwa hakimu. Ushahidi mkuu ulikuwa maneno ya ofisa mwenyewe, kwani chombo kilikwisha kuwa majivu na nahodha wake pengine alikwisha kuachwa ufukweni, mbali na Unguja.

Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba hata London iliyasikia. Mwishoni mwa miaka ya 1860 maofisa walipewa maelekezo makali zaidi kuhusu kuteketeza vyombo, na mwaka 1871 kamati ya Bunge la Uingereza ililichunguza suala zima la biashara ya utumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wote wa watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Alisaini baada ya kutishiwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, chombo kisiingie wala kisitoke. Mkataba wa kuzuia uovu ulipatikana kwa tishio la kuzuia kila kitu.

Naishi Chukwani, ambako Barghash alikuwa na jumba lake la pwani. Wanafunzi wangu wanapopita hapo huniuliza juu ya ufalme na fahari yake. Mimi huwakumbusha saini ile, kwani inafundisha kwamba hata mfalme anaweza kuzuiwa asiwe na pa kulalamika.

Bendera ya mtu mwingine

Baada ya mkataba, Uingereza iliiweka bandarini Unguja manowari ya HMS London iwe kituo cha doria, kuanzia mwaka 1874 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mashua zake zilisambaa hadi Pemba zikikagua vyombo. Na hapo ndipo watu wa baharini walipofanya wafanyavyo watu wote wanaokaguliwa kupita kiasi: walitafuta kifuniko.

Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Waingereza. Manahodha, wakiwemo wengi wa Sur katika Oman, wakachukua hati na bendera za Kifaransa. Jahazi lilikuwa lilelile, na nahodha yuleyule, lakini mkaguzi aliishia kutazama bendera na karatasi. Wapo waliojificha chini yake wakiwa na watumwa, na wapo waliokuwa na tende, chumvi na samaki wakavu, waliochoka kusimamishwa na kuogopa kuteketezewa mali. Mkaguzi hakuweza kuwatofautisha. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lenye bendera ya Ufaransa ili kukagua karatasi zake. Ndani mlikuwa na watumwa.

Mgogoro wa bendera haukumalizwa kwa bunduki. Ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, ambayo tarehe 8 Agosti 1905 ilitoa uamuzi juu ya majahazi ya Muscat, ikaeleza nani angeweza kupewa bendera ile na nani asingeweza. Dola mbili kubwa zilikubali kwamba swali la nani azuiwe na nani apite linahitaji kanuni iliyoandikwa na hakimu asiye mmoja wa wagombanao. Nahodha wa Sur hakuwa na sauti katika kesi hiyo, lakini angalau kanuni iliandikwa mahali inapoweza kusomwa.

Anayetumia VPN leo atalitambua jahazi hilo. VPN huifunika data ili mkaguzi wa njiani aone bahasha tu, asione barua. Wapo wanaoitumia kwa uovu. Wapo pia wafanyakazi wa benki, waandishi wa habari, watafiti na wanafunzi wanaoitumia kwa usalama wao. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Historia ya bendera inatuambia nini kuhusu hatua ya namna hiyo? Inatuambia kwamba wingi wa vifuniko ni kipimo cha imani iliyopotea. Kadiri ukaguzi unavyokuwa wa holela, ndivyo wasio na hatia wanavyojiunga na wenye hatia chini ya bendera moja, na kazi ya mlinzi wa kweli huzidi kuwa ngumu.

Karantini ya Changuu

Si kila kizuizi katika historia yetu kilikuwa cha dhulma. Mbele ya Mji Mkongwe kipo kisiwa cha Changuu, ambacho wageni hukiita kisiwa cha magereza. Jengo la gereza lilijengwa huko katika miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, aliyekuwa Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Sultani, lakini halikupata kutumika kwa kazi hiyo. Kisiwa kikawa kituo cha karantini. Abiria wa meli waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza waliteremshwa hapo, wakaangaliwa kwa wiki moja au mbili, kisha wasioumwa wakaruhusiwa kuendelea na safari.

Sisemi kwamba karantini ya kikoloni ilikuwa ya usawa. Daraja la abiria lilikuwa na uzito wake, kama kila kitu katika dola ile. Nasema tu kwamba kimantiki ilikuwa na mambo matatu ambayo kizuizi chochote kinapaswa kuwa nayo. Ilikuwa na sababu inayotajika, yaani maradhi fulani. Ilikuwa na muda unaojulikana, unaotokana na tabia ya maradhi yenyewe. Na ilikuwa na mlango wa kutokea: siku zikiisha bila dalili, unaondoka. Wahandisi wa mitandao hawakukosea walipoliazima neno karantini kwa ajili ya faili linalotiliwa shaka. Faili hilo huwekwa kando, huchunguzwa, kisha hufutwa au hurudishwa kwa mwenyewe.

Waya na anayeushika

Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ya Kampuni ya Eastern and South African ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo, barua ya balozi kwenda London ilisubiri meli. Baada ya hapo, amri ilifika kwa saa. Kizuizi nacho kikabadilika sura. Baharini mlinzi alihitaji mashua, makasia na macho. Kwenye waya alihitaji kukaa katika chumba kimoja tu, kwani maneno ya nchi nzima yalipita katika uzi mmoja.

Agosti 1914 jambo hilo lilionekana wazi. Vita vilipoanza, Uingereza ilizikata kebo za Ujerumani, na tarehe 8 mwezi huo manowari ya HMS Astraea iliushambulia mnara wa mawasiliano ya redio wa Dar es Salaam. Koloni la Wajerumani lililokuwa mkabala na Unguja likakatika na dunia. Kile kilikuwa kitendo cha vita kati ya dola mbili, na kila mtu alijua hivyo. Swali gumu huja pale mbinu ya vita inapotumika wakati wa amani, na anayekatiwa waya akawa raia.

Gazeti, kisha mtandao

Hapa Zanzibar tunalo jibu la karibu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 magazeti binafsi yalitoweka kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 2002 lilizaliwa gazeti la Dira, likihaririwa na marehemu Ali Nabwa. Novemba 2003 likafungiwa na Serikali, chini ya sheria ya mwaka 1988 inayosimamia magazeti na vitabu. Vijana wa leo wanaolisikia Dira kwa wazee wao barazani wanapaswa kujua kwamba kizuizi kile kilikuwa na kitu kimoja ambacho vizuizi vya baadaye havikuwa nacho. Kilikuwa na barua. Tunaweza kuipinga barua ile, na binafsi naipinga, lakini kinachopingwa kwanza lazima kiwepo.

Linganisha na yaliyofuata. Mwaka 2020, kuelekea Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28 Oktoba, TCRA iliziagiza kampuni za simu kusitisha huduma za ujumbe na sauti za kutumwa kwa wingi kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Agizo hilo lilikuwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Lakini kuanzia tarehe 27 Oktoba watumiaji walijikuta hawafiki Twitter, WhatsApp na huduma nyingine, na waangalizi wa kimataifa wa mitandao, NetBlocks na OONI, walirekodi kukatizwa huko. Watumiaji pia waliripoti kwamba ujumbe mfupi wenye jina la mgombea wa upinzani haukufika ulikotumwa. Kama ndivyo, jina la mtu liligeuzwa kuwa dalili ya uovu, sawa na chungu kikubwa katika jahazi. Barua ya kizuizi hiki cha pili, raia hakuonyeshwa.

Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa, na X yenyewe ikawa haifikiki nchini bila VPN. Maelezo ya waziri mhusika, yaliyotolewa siku kadhaa baadaye, yalihusu maudhui ya ngono yanayoruhusiwa katika mtandao huo. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisitishwa kwa siku 90. Huku angalau kulikuwa na tangazo, sababu na muda, na mwenye kutaka kubishana alikuwa na cha kubishania. Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Intaneti ilikatwa nchini kote, na haikuanza kurejea hadi tarehe 3 Novemba, ambapo hata hivyo mitandao ya kijamii iliendelea kuwa migumu kufikika.

Siku tano hizo mzazi wa Unguja hakuweza kumpata mwanawe Muscat au London kwa WhatsApp, naye mwana alibaki na picha na uvumi. Mwenye nyumba ya wageni Paje hakuona maombi ya wageni wake. Mwanafunzi hakuweza kutuma kazi. Na zaidi ya yote, nchi ilipokuwa katika msiba na machafuko, watu walinyimwa uwezo wa kuulizana nani yuko salama. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, tuliteseka pia, lakini tuliambiwa: kebo zimekatika, mafundi wanakwenda, mtarejeshewa kwa awamu. Ajali ya baharini ilipewa maelezo kuliko uamuzi wa binadamu.

Haya hayakuanza kwetu wala hayaishii kwetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, na Uganda ikafanya hivyo Januari 2021. Kenya imeizuia Telegram kwa kisa cha mitihani ya taifa. Lakini Kenya ndiko pia ambako, Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuizuia Serikali isikate intaneti wakati shauri likisikilizwa. Huo ndio mlango wa malalamiko ambao jahazi la 1868 halikuwa nao.

Swali la Chukwani

Baraza la Wawakilishi linakaa Chukwani. Ni Baraza lililoanzishwa mwaka 1980 ili Wazanzibari wawe na chombo chao cha kuihoji Serikali yao. Hata hivyo posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano tangu mwaka 1964. Kwa hiyo intaneti ya Chukwani ikizimwa, anayepaswa kuulizwa hayuko Chukwani. Yuko mbele ya Bunge, Dodoma, ambako Baraza lina wajumbe watano tu wa kulisemea, pamoja na wabunge wa majimbo.

Najua wapo watakaosema kwamba hili ni suala la kisheria na limefungwa. Mimi naliona ni suala la daftari. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na ulinzi wa mawasiliano yake yasiingiliwe. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 nacho kinalinda uhuru wa mawazo na mawasiliano. Haki mbili zinazofanana katika katiba mbili, lakini hakuna rejista hata moja ambayo Mwakilishi wa Unguja au Mbunge wa Pemba anaweza kuifungua akasoma: tarehe fulani, saa fulani, huduma fulani ilizuiwa, kwa kanuni hii, kwa amri ya ofisa huyu, hadi siku ile.

Ninachokidai si kwamba dola isizuie chochote. Akaunti za umma zinadukuliwa, fedha za watu zinaibwa kwa simu, na hospitali zinashambuliwa. Mlinzi anahitajika. Ninachokidai ni kwamba dola iishi kwa nidhamu ambayo fundi kijana wa mitandao anaishi nayo kazini kila siku.

Kwanza, kila agizo la kuzuia huduma ya mawasiliano liandikwe, litaje kifungu cha sheria na jina la cheo kilichoagiza, na lichapishwe ndani ya saa 24. Pili, liwe na ukomo, na likihuishwa lihuishwe kwa sababu mpya mbele ya hakimu. Tatu, lilenge kosa, lisilenge umma: akaunti iliyodukuliwa ifungwe, mtandao mzima ubaki. Nne, TCRA itoe taarifa ya mwaka ya vizuizi vyote kwa Bunge, na nakala yake iwasilishwe katika Baraza la Wawakilishi, kwa sababu wanaozuiwa wako pande zote mbili za Muungano.

Watumishi wa umma mnaosoma makala haya mnaweza kuanza kesho, bila kusubiri sheria. Fungueni orodha ya vizuizi ya mtandao wa ofisi yenu. Ulizeni kila mstari uliandikwa na nani na lini. Usio na mwenyewe uwekwe kwenye uangalizi, kisha uondolewe. Wanafunzi na wanaharakati, nanyi mnayo kazi: siku mawasiliano yakikatika, andikeni saa, mahali, mtandao wa simu na huduma iliyokwama. Kumbukumbu za OONI, zilizotumika kueleza yaliyotokea mwaka 2020, zilikusanywa na watu wa kawaida walioendesha kipimo kwenye simu zao. Pale dola inapokataa kuandika daftari, raia wanaweza kuliandika.

Majahazi yaliyochomwa kati ya Kilwa na Pemba hatutayajua yote, kwa sababu aliyeyachoma ndiye aliyeshika kalamu. Ya kwetu yangali yanaweza kuandikwa.